Sauti za kutufikirisha nazo zifike Kasha

Jioni moja ya mwezi wa nne 2020 nilikuwa nimesimama kwenye kibanda cha kuchaji simu hapa Kasha, tarafa ya Bagira, mjini Bukavu. Umeme ulikuwa umekatika siku ya tatu. Mwenye kibanda alikuwa na paneli ndogo ya jua na betri ya gari, na simu za mtaa mzima zilikuwa zimepangwa juu ya ubao kama sambaza sokoni. Tulikuwa tunangoja tu. Masomo yalikuwa yamefungwa, makanisa yamefungwa, mpaka na Rwanda umefungwa, na mtu hakuwa na pa kwenda.

Kijana mmoja akafungua odio iliyomfikia kwa WhatsApp. Ilikuwa sauti ya mwanaume asiyetaja jina wala mji. Alisema Korona ni biashara, kwamba anayeingia hospitali na kikohozi hatoki mzima, na kwamba kuna wakubwa wanaolipwa kwa kila maiti. Dakika nne tu. Ilipokwisha, watu watatu wakanyoosha simu zao: "Nitumie nayo."

Pembeni alikaa mwanafunzi wa chuo kikuu, visikilizio masikioni. Nikamuuliza anasikiliza nini. "Filozofi," akajibu, akicheka kidogo kwa haya. Ilikuwa podikasti ya Kifaransa, profesa mmoja akieleza namna wanafalsafa wa kale walivyofikiri juu ya kifo. "Iko muzuri sana, kaka. Lakini imekula mega zangu za juma yote." Hakuna aliyemwambia, "Nitumie nayo."

Muda umepita, na jioni ile haijanitoka kichwani. Ndugu msomaji, leo ninaandika juu ya tofauti ya hizo sauti mbili. Ya kwanza ilikuwa fupi, nyepesi, ya bure, na kwa Kiswahili. Ya pili ilikuwa ndefu, nzito, ya bei, na kwa Kifaransa. Ya kwanza ilidanganya, ya pili ilifundisha, na Kasha ilichukua ya kwanza. Wengi wanasema hiyo ni juu ya ujinga wa watu. Mimi nasema hapana. Ni juu ya namna sauti hizo zilivyotengenezwa na njia zilizopita, na hilo liko mikononi mwetu kulibadilisha.

Wengine walipofungiwa ndani

Sehemu nyingine za dunia, watu walipofungiwa ndani walianza kusikiliza kwa wingi mazungumzo ya falsafa, ya vitabu na ya utamaduni. Mwezi huo huo wa nne 2020, David Runciman, mwalimu wa siasa wa Chuo Kikuu cha Cambridge huko Uingereza, alianzisha podikasti iitwayo Talking Politics: History of Ideas. Kila kipindi kilichukua mwandishi mmoja mkubwa na kueleza alichofikiri. Alianza na Thomas Hobbes na kitabu chake cha 1651, Leviathan, kinachosema kwamba watu wanaoogopana hukubali kumpa mtawala nguvu zao, ili naye awape usalama.

Fikiri kidogo juu ya wazo hilo. Mtu wa London alilisikiliza akiwa amefungiwa nyumbani kwa amri ya serikali, akajiuliza: nguvu hii nimempa nani, na kwa bei gani? Je, mtu wa Kasha hakuwa na haki ya kujiuliza hivyo hivyo? Sisi pia tulitii. Tarehe 18 mwezi wa tatu 2020 Rais Félix Tshisekedi alifunga masomo, vyuo vikuu, makanisa na mabaa, na akakataza mikusanyiko ya watu zaidi ya 20. Siku sita baadaye ikatangazwa hali ya dharura. Mama anayeuza mboga aliambiwa apunguze kutoka. Kijana aliambiwa avae barakoa, ile kashne yetu, la sivyo alipe faini. Tulitoa sehemu yetu ya mapatano. Je, usalama tulioahidiwa ulikuja? Kwa wakaaji wa Kivu, ambao wamezoea kulala na sikio moja wazi, swali la Hobbes si la darasani. Ni la kila usiku.

Kuna pia Peter Adamson, profesa wa falsafa huko Munich, Ujerumani, ambaye tangu 2010 anaeleza historia ya falsafa bila kuruka mtu, kipindi baada ya kipindi. Tangu 2018, pamoja na Chike Jeffers wa Chuo Kikuu cha Dalhousie, Canada, ameongeza mfululizo mzima juu ya falsafa ya Waafrika na ya watu wenye asili ya Afrika. Mfululizo huo uliendelea wakati wa ugonjwa. Ni kazi ya bidii, na mtu yeyote duniani anaweza kuipakua bila kulipa. Lakini ni kwa Kiingereza, na "bila kulipa" ni neno la mtu mwenye intaneti nyumbani.

Kwa lugha yetu, tulikuwa na nini? Radio Okapi, ambayo iko hewani tangu 2002, ilifungua Okapi École ili watoto wasome kwa njia ya redio, na tunaishukuru. RFI Kiswahili ina Changu Chako, Chako Changu, kipindi cha utamaduni na historia ambacho wengi hapa wanakipenda. Idhaa nyingine za Kiswahili zina makala zao. Lakini tafuta kipindi cha Kiswahili cha huku kwetu ambacho watu wanakaa dakika kumi na swali moja gumu, au na kitabu kimoja, bila tangazo la biashara na bila mwanasiasa. Mimi nimetafuta. Nilichopata kwa wingi ni mahubiri, muziki na uvumi.

Maswali yalikuwa kwetu tayari

Najua jibu litakalokuja. Mzee mmoja aliniambia hivi nilipomgusia mada hii: "Mwanangu, mutu mwenye njaa utamupa filozofi?" Ni swali la haki. Kasha ni mtaa wa watu wanaotafuta asubuhi kile watakachokula jioni. Mpaka wa Ruzizi ulipofungwa, akina mama waliokuwa wanavuka kila siku na mizigo midogo walikosa mtaji ndani ya juma moja. Nani basi ana wakati wa kusikiliza profesa?

Lakini tukumbuke tulizungumza nini miezi ile. Jirani alipokufa na watu wa afya wakasema maiti isioshwe na ndugu, familia nzima ilibishana mpaka usiku: je, tumemzika au tumemtupa? Matanga yalipokatazwa, tuliulizana kama mtu aliyeliliwa na watu kumi amezikwa sawa na aliyeliliwa na mia tatu. Soko lilipopunguzwa saa, akina mama waliuliza kama serikali inaweza kumwambia mtu abaki nyumbani bila kumwambia atakula nini. Dawa ilipokuwa kidogo, tuliuliza nani ahudumiwe kwanza, kijana au mzee.

Hayo yote ni maswali ya falsafa. Yaliulizwa kwa Kiswahili na kwa Mashi, mbele ya jiko la makala, na watu ambao hawajawahi kuingia darasa la filozofi. Kwa hiyo falsafa si chakula cha kigeni tunachotaka kuwalisha wenye njaa. Tayari iko kwenye sahani yao. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa nao, kusema "swali lako ni la zamani, hivi ndivyo wengine walivyolijibu, wewe unaonaje?"

Badala yake tulipewa vitu viwili: amri na takwimu. Hapa ninajiweka mimi mwenyewe katika lawama. Mimi ni mwandishi wa habari, nimesomea kazi hii chuo kikuu. Kwa miezi kadhaa, kazi yangu ya jioni ilikuwa kuandika visa vipya, waliopona, waliokufa. Sikumbuki hata jioni moja niliyoandika juu ya swali la maiti isiyooshwa. Nilidhani si habari. Mtunga odio wa uvumi, yeye, alijua kwamba ndiyo habari, na ndiyo maana aliingia mahali nilipoacha wazi.

Matokeo tuliyaona mwaka 2021. Tarehe 2 mwezi wa tatu 2021, nchi yetu ilipokea dozi milioni 1.7 za chanjo ya AstraZeneca. Serikali ilisita kuanza, ikangoja mpaka tarehe 19 mwezi wa nne, na watu walikuja kidogo sana. Mwishowe dozi karibu milioni 1.3 zilipelekwa nchi nyingine za Afrika kabla hazijaharibika. Sisemi kwamba podikasti ya falsafa ingewafanya watu wote wapange mstari. Mtu anayefikiri anaweza pia kukataa, na hiyo ni haki yake. Ninachosema ni kwamba mtu aliyezoezwa kuuliza "nani anasema, amejuaje, anapata faida gani?" angeuliza hivyo kwa mtu wa odio na kwa mtu wa serikali pia. Kukataa kwake au kukubali kwake kungekuwa kwake kweli.

Wametuzungumzia, sasa tuzungumze

Jambo linaloniuma zaidi ni kwamba mjadala mkubwa juu ya falsafa ya Afrika ulianzia nchini mwetu. Mwaka 1945, huko Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, kilitoka kitabu La philosophie bantoue cha Placide Tempels, mmisionari Mbelgiji aliyefanya kazi Katanga. Alisema Wabantu wana falsafa yao. Wengine walimshangilia, wengine walimkosoa kwamba amezungumza kwa niaba ya watu ambao wangeweza kujisemea. Padri Alexis Kagame wa Rwanda alijibu mwaka 1956 kwa uchunguzi wa lugha yake mwenyewe. Mwaka 1988 mtu wetu aliyezaliwa Likasi, Valentin-Yves Mudimbe, aliandika The Invention of Africa, kitabu kinachosomwa katika vyuo vikuu vya dunia nzima, juu ya namna wageni walivyotengeneza picha ya Afrika na kutupatia sisi tuitazame.

Tazama sasa mzunguko. Tempels aliandika kwa Kiholanzi, akatafsiriwa kwa Kifaransa. Kagame aliandika kwa Kifaransa, Mudimbe kwa Kiingereza. Leo podikasti zinawaeleza hao wote, tena vizuri, kwa Kiingereza na Kifaransa. Na lugha ambayo mwenye kibanda cha kuchaji simu anaota nayo bado inangoja nje ya mlango.

Wapo watakaosema Kiswahili hakiwezi kubeba mambo hayo. Si kweli. Kai Kresse, mtafiti Mjerumani, alitoa mwaka 2007 kitabu kizima juu ya watu wa Mombasa wanaofanya falsafa kwa Kiswahili, akina Ahmed Nassir, mshairi aliyetunga juu ya utu, na Sheikh Abdilahi Nassir. Walifanya hivyo barazani, mbele ya nyumba, na pia kwa hotuba na mashairi. Euphrase Kezilahabi wa Tanzania, aliyefariki mwezi wa kwanza 2020, kidogo tu kabla ya ugonjwa kufika Afrika, aliandika riwaya Nagona ambayo kila ukurasa wake ni swali. Shaaban Robert alikuwa amekwisha kuonyesha njia tangu 1951 kwa Kusadikika. Lugha inaweza. Sisi ndio hatujaipa kazi huku kwetu, kwa sababu tangu masomo ya msingi tumefundishwa kwamba mambo ya akili yanasemwa kwa Kifaransa na Kiswahili ni cha sokoni.

Hata jambo la mwaka 2021 linaonyesha hivyo. Tarehe 7 mwezi wa kumi, Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Katika riwaya yake Paradise, msafara wa wafanyabiashara unatoka pwani na kuelekea bara, mpaka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, yaani upande wetu. Ni historia ya njia iliyotuletea hiki Kiswahili tunachosema. Nilipotaja jina lake kwenye kikundi cha vijana hapa Kasha, mmoja aliuliza, "Huyo njo nani?" Sikumlaumu. Gurnah anaandika kwa Kiingereza, na wakati huo hakukuwa na riwaya yake mikononi mwetu kwa Kiswahili. Lakini dakika kumi za sauti, mtu mmoja akisimulia kitabu hicho na kuuliza "babu zetu walikuwa upande gani wa msafara ule?", zingewafikia vijana wote wa kikundi kile kabla ya jua kuzama.

Mwalimu wa mtaani

Najua linawezekana kwa sababu nimeliona, hapa hapa Kasha.

Nilikuwa na jirani, mwalimu mzee, mmoja wa wale wanaofundisha mpaka nywele zote zinakuwa nyeupe na bado wanangoja pensheni. Sitataja jina lake, maana familia yake bado iko kwenye huzuni. Kabla ya Korona, jioni alikuwa anakaa barzani kwake na vijana sita au saba walikuja kubishana naye. Mikusanyiko ilipokatazwa, barza ilikufa. Juma la pili la ukimya huo, mjukuu wake alimwonyesha namna ya kurekodi sauti kwenye WhatsApp. Kesho yake tulipokea odio ya kwanza. Ilianza hivi: "Habari ya jioni, batoto yangu. Leo niko na swali moja tu."

Zilikuja karibu kila siku, dakika saba au nane. Siku moja aliuliza kama kuna deni ambalo aliye hai anadaiwa na mfu, na kama deni hilo linaweza kulipwa baadaye, matanga yakifunguliwa. Siku nyingine aliuliza nani anavunja sheria, mama anayeuza nyanya nje ya saa au anayemnyang'anya beseni. Juma moja zima alisimulia Kusadikika kwa maneno yake: Karama anashtakiwa kwa kutaka kuwafundisha watu sheria, naye anajitetea kwa kueleza yaliyowapata wajumbe waliotumwa kabla yake na kutupwa gerezani. Mwisho wa kila odio alisema, "Sasa munijibu. Lakini usinijibu kama haujalala nayo kwanza."

Watu walijibu. Dereva wa moto alijibu akiwa amesimamisha pikipiki kando ya barabara, tulisikia magari. Mama mmoja ambaye hajui kusoma alijibu kwa Mashi, na jibu lake juu ya deni la mfu lilimfanya mwalimu anyamaze siku mbili, kisha akaja kumpa haki. Odio zake zilitoka kwenye kikundi chetu, zikaenda Kadutu, zikaenda mpaka Uvira kwa mtoto wa mtu. Zilipita njia ile ile ya uvumi: fupi, nyepesi, kwa Kiswahili, kutoka mkono hadi mkono. Hiyo ilikuwa podikasti, hata kama yeye hakujua neno hilo.

Mwezi wa saba 2021, wimbi la tatu lilipokuwa kali, mwalimu alikosa pumzi kwa siku nne na akafariki. Mwezi huo huo, huko Goma, Korona ilimchukua Kä Mana, mwanafalsafa na mwanateolojia wa Pole Institute, mtu aliyeandika mwaka 1991 L'Afrique va-t-elle mourir? na aliyetumia miaka yake ya mwisho kufikiri pamoja na vijana wa Kivu. Mmoja alijulikana Afrika nzima, mwingine alijulikana Kasha tu. Wote wawili walikuwa wanafanya kazi moja.

Baada ya maziko, mtoto wa mwalimu alikuja kuniomba zile odio, ili familia izihifadhi. Nikafungua simu yangu nikiwa na hakika. Hazikuwepo. Miezi mitatu mbele, simu iliponiambia nafasi imejaa, nilikuwa nimezifuta zote. Nikamtuma kwa wengine. Nao walikuwa wamefuta. Tulipata mbili tu, kwenye simu ya yule mama asiyejua kusoma, ambaye hakujua namna ya kufuta. Video ya harusi ya rafiki, yenye kelele na giza, bado ninayo. Sauti ya mwalimu nilifuta kwa kidole changu.

Tufanye nini

Kwa hiyo sizungumzi juu ya anasa. Nazungumza juu ya sauti zinazokufa kila mwaka bila kuhifadhiwa, na juu ya uongo ambao hauhitaji kuhifadhiwa kwa sababu kila asubuhi unazaliwa upya. Nina mapendekezo machache, na hakuna hata moja linalohitaji pesa nyingi.

La kwanza ni ukubwa wa faili. Saa moja ya podikasti ya kawaida, kwa kilobiti 128 kila sekunde, ni karibu megabaiti 58. Sauti ile ile ikibanwa hadi kilobiti 16, mtu anayezungumza bado anasikika vizuri, na saa nzima inakuwa megabaiti 7 hivi. Dakika kumi ni kama megabaiti moja na kidogo. Inapita kwa WhatsApp, inapita kwa Bluetooth bila mega yoyote, na simu ndogo ya mapapasio inaisoma kwenye kadi ya memori. Tuache kuiga wenye intaneti ya nyumbani. Tutengeneze kwa kipimo chetu.

La pili ni redio zetu. Bukavu ni mji wa redio. Radio Maendeleo, iliyoanzishwa mwaka 1993, iliwahi kufungwa na utawala wa RCD wakati wa vita, kwa sababu wenye bunduki walijua nguvu ya watu wanaozungumza pamoja. Redio hiyo ilijengwa pia na vikundi vya wasikilizaji mitaani, watu waliokaa pamoja, wakasikiliza, wakajadili, wakarudisha neno. Urithi huo upo. Kila redio ya mji ikitoa kwa juma kipindi kimoja tu cha dakika kumi, swali moja au kitabu kimoja, na kukigawa kama faili ndogo, tutakuwa na maktaba ndani ya mwaka mmoja. Vibanda vya kuchapa na kupiga kopi, vile vinavyojaza nyimbo kwenye simu kwa franka chache, vitaigawa vyenyewe.

La tatu ni walimu wa vyuo vikuu. Tunavyo vyuo vikuu vingi Bukavu, Katoliki, Officielle, UEA, ISP na vingine, na ndani yao mna watu waliosoma falsafa, historia, fasihi na lugha. Ninawaomba kitu kimoja: mwalimu achukue somo lake moja la mwaka, lile analolipenda kuliko yote, aliseme kwa Kiswahili kwa dakika kumi kana kwamba anamweleza mama yake mzazi. Atatoka jasho. Mimi nilijaribu na nikatoka jasho. Lakini ukishindwa kulieleza kwa lugha ya mama yako, pengine ni Kifaransa chako tu kilichokuwa kinalijua.

La nne linahusu serikali. Kuanzia mwezi wa tisa 2020, katikati ya ugonjwa, hadi ilipofutwa mwaka 2022, kila simu ilikuwa inakatwa unite kwa ajili ya RAM, ile rejista ya simu: dola 1 kwa mwaka kwa simu ndogo, dola 7 kwa simu ya intaneti. Mwaka 2021 wabunge walimhoji waziri juu yake huko Kinshasa, na watu waliendelea kukatwa. Tuliambiwa tukae nyumbani, tusome kwa simu, tusali kwa simu, tupate habari za kweli kwa simu. Kisha simu hiyo hiyo ikatozwa. Dola 7 kwa Kasha ni chakula cha siku kadhaa. Kabla ya kulaumu wananchi kwamba wanasikiliza uvumi, serikali isikate tena ile njia ambayo ukweli ungepitia.

La tano ni letu sisi wote, na ndilo gumu: kuhifadhi. Kila mtaa uwe na mtu mmoja, mwanafunzi, katekista, mama wa shirika, mwenye kadi moja ya memori ambayo haifutwi. Sauti za wazee wetu zikae humo, pamoja na tarehe na jina. Ikiwa ni za Mashi, zibaki za Mashi. Mtu atazieleza kwa Kiswahili.

Na wale wanaoogopa kwamba mazungumzo ya namna hii yataleta siasa, nawajibu hivi: ndiyo, mtu aliyezoea kuuliza "umejuaje?" atawauliza viongozi pia. Siwezi kuahidi kinyume. Lakini tuliona mwaka 2020 na 2021 bei ya watu wasiouliza. Wanaamini kila kitu jioni na hawaamini chochote asubuhi, na ugonjwa unapita katikati yao.

Juma lililopita nilirudi kwenye kile kibanda cha kuchaji simu. Nilikuwa na odio moja ya dakika tisa, niliyorekodi mwenyewe nyumbani, nikimhoji yule mama wa Mashi juu ya jibu lake la deni la mfu, na mimi nikieleza kwa Kiswahili. Sauti si nzuri sana. Jogoo anawika katikati. Nilimwomba mwenye kibanda aifungue kwa sauti kubwa. Vijana walisikiliza, mmoja akabisha, mwingine akambishia yule. Ilipokwisha kulikuwa na kimya kidogo. Kisha mmoja akanyoosha simu yake.

"Nitumie nayo," akasema.

Nikamtumia. Na nikamwomba kitu kimoja: asiifute.